Mshahara wa Kwanza wa Dada Ulikuwa na Pembe

Baba yangu hawezi kutangaza jambo akiwa ameketi. Mwaka ule wa kwanza shule za msingi kufanywa bure, siku chache tu baada ya kufunga shule mwezi wa nne, alisimama katikati ya sebule yetu ya Kitengela, sebule ambayo ukivuta pazia inakuwa chumba changu na dada yangu, akafunga kifungo cha koti, akasema:

"Shule zikifunguliwa muhula wa pili, kama huyu hajapata kazi yenye payslip, anaenda nyumbani kwa nyanya yake kupalilia mahindi."

"Huyu" alikuwa dada yangu mkubwa, na alikuwa hapo hapo akikunja nguo. Hakuinua kichwa. Mimi nikauliza kama mahindi ya nyanya yanatoa payslip. Mama akanikanyaga mguu chini ya meza.

Buda, yaani baba, si mtu mbaya. Ni karani kwenye ghala huko Industrial Area, anaondoka nyumbani kukiwa giza na kurudi kukiwa giza, na alikuwa amemsomesha dada chuo cha ualimu mpaka mwisho akiamini kwamba ukishasoma, kazi inakuja yenyewe kubisha mlango. Dada akasoma, akapita, akaleta cheti. Tukakiwekea plastiki na kukilaza chini ya godoro mahali pasipovuja. Halafu tukangoja. Serikali ilikuwa imeacha kuajiri walimu wapya. Kila mwezi dada alipanda kwenda Kajiado mjini, ofisi ya elimu, akasoma ubao wa matangazo kuanzia juu mpaka chini, akarudi na vumbi. Siku zile zingine alisimama asubuhi na mapema nje ya lango la kiwanda cha nguo kule Athi River pamoja na wasichana wengine, wakisubiri mtu wa ndani aonyeshe kidole: wewe, wewe, na wewe. Aliyemaliza chuo na aliyeacha shule darasa la sita walioneshwa kidole kile kile.

Na si kwamba dada alikuwa na bahati mbaya peke yake. Kitengela ilijaa walimu. Jirani wetu wa kushoto alikuwa mwalimu, akiuza mayai. Wa kulia mwalimu, akiuza kadi za simu. Caretaker wa ploti yetu ya nyumba za kupanga, mwalimu mstaafu. Nilikuwa na mchezo wangu: asubuhi wakati watu wako kwenye foleni ya bafu, naita tu, "Mwalimu!" Foleni nzima inageuka.

Binamu yetu naye alisomea uhasibu, akaenda Entarara, kule upande wa Loitokitok, akitafuta ofisi. Walimtazama wakampa gunia la vitunguu abebe. Wakamsifu ana mgongo mzuri. Maze, mgongo! Miaka yote ya hesabu na kitu walichoona ni mgongo. Nilicheka mpaka nikashikwa na kwikwi, lakini ndipo nikaanza kushuku kwamba mtu ni kama soda. Ni ile ile, chupa ile ile, lakini bei inategemea umeinunulia wapi.

Bei yangu mimi Kitengela ilijulikana. Nilikuwa Form Two, na mwalimu wa darasa aliandika kwenye ripoti, "Anacheka sana." Hakuongeza kitu.

Habari ya Oltepesi ililetwa na mama wa maziwa. Alikuwa Mmaasai, akija kila asubuhi na jerikeni yake na kupima maziwa mlango kwa mlango, na alijua mambo ya ploti yetu kuliko sisi tuliolala humo. Asubuhi moja alimtazama dada akifua, akamuuliza, "Wewe, nasikia ni mwalimu. Mwalimu wa ukweli ama wa kuitwa tu?"

"Wa ukweli," dada akasema. "Niko na cheti."

"Basi kwa nini unafua saa hii?"

Dada akakamua shati. Mama wa maziwa akaeleza kwamba dada yake ameolewa Oltepesi, kwenye ile barabara ya kwenda Magadi. Tangu shule ziwe bure, shule yao imefurika. Watoto wamekuja, wachunga mbuzi wamekuja, hata vijana wenye ndevu za kuanza wamekuja, na walimu ni wale wale. Akina mama wa kikundi cha shanga walikuwa wameamua kujitafutia mwalimu wao wenyewe, wamlishe na wamlaze, na wamlipe kwa njia yao.

"Njia gani?" dada akauliza.

"Njia yao," akasema mama wa maziwa, akajitwika jerikeni.

Tulienda, mimi na dada, kwa sababu baba alisema msichana hawezi kwenda mahali pasipojulikana peke yake. Jinsi mimi wa Form Two ningemkinga dada na chochote, hakuna aliyeuliza. Dada alivaa suti aliyovaa siku ya kuhitimu na viatu vyeusi vya kisigino. Ukishapita Kiserian na kuanza kuteremka bonde lile, joto linakuja kukupokea, na kufika Oltepesi visigino vya dada vilikuwa vimezama kwenye mchanga kama vigingi vya hema.

Darasa lilikuwa la mabati. Akina mama walikuwa wamekaa kwenye madawati ya watoto, magoti yakigusa kidevu, shanga zikilia kila mmoja akigeuka. Mwenyekiti wao, dada ya mama wa maziwa, alikuwa mwembamba mwenye sauti nzito na simu iliyoning'inia shingoni kwenye kifuko cha shanga. Mimi nikanyoosha mkono nimsalimie. Akautazama mkono huo kama kitu nilichookota njiani, kisha akaniwekea kiganja kichwani. Watoto waliokuwa mlangoni wakaangua kicheko. Kumbe huko mtoto huinamisha kichwa. Nilikuwa nimesalimia kama mzee wa miaka sabini.

Hatukuwa peke yetu. Kulikuwa na kijana wa tai kutoka upande wa Ngong, na faili yake ilikuwa nene kuliko ya dada. Nilianza kumfikiria dada na jembe.

Mwenyekiti alianza na yule kijana. Hakuomba faili.

"Unafundisha nini?"

"Hesabu, Sayansi, Kiingereza, na michezo."

"Ni vizuri. Utakuwa unalala wapi?"

"Nitakuwa nikija kutoka Kiserian kila asubuhi, mama. Hakuna shida."

"Na jioni?"

"Narudi."

Wakazungumza kwa Kimaasai, wakicheka kidogo, wala si kwa ubaya. Mwenyekiti akamgeukia dada. "Na wewe? Utalala wapi?"

Dada akababaika. Ile hotuba yote aliyokuwa amejifunza mbele ya kioo, ya malengo yake na nguvu zake na udhaifu wake, ilikuwa haina mahali pa swali hili. Akasema tu, "Sijui. Nyinyi mnalala wapi?"

"Kwangu, pale juu."

"Basi hapo."

"Na ukisikia fisi?"

Hapo mimi nikashindwa kunyamaza. "Amelala chumba kimoja na mimi tangu nizaliwe," nikasema. "Fisi atamfanyia nini kipya?"

Mmoja wao aliyeelewa Kiswahili vizuri akawatafsiria wengine, na darasa zima likalipuka. Mama mmoja alicheka mpaka mtoto aliyekuwa ananyonya akaachilia ziwa kutazama kuna nini. Mwenyekiti hakucheka, lakini alinitazama kwa muda mrefu, kama mtu anayechagua nyanya sokoni.

Walimpa dada kazi. Nasema hivi haraka kwa sababu na wao walifanya haraka. Yule kijana wa tai alipewa chai na shukrani, na faili yake haikufunguliwa. Halafu mwenyekiti akatoka, akarudi akimvuta mbuzi jike, mchanga, wa rangi ya chai ya maziwa na sikio moja jeupe, akatia kamba mkononi mwa dada.

"Huyu ni wako," akasema. "Kuanzia leo wewe ukiniita, uniite pakine. Na mimi nitakuita pakine."

Dada akasema asante sana, pakine. Wakapiga makofi. Tulidhani ndivyo watu wa huko wanavyokupongeza ukipata kazi.

"Nimuweke na wangu?" mwenyekiti akauliza, akionyesha kundi lililokuwa mbali.

Dada alinitazama. Mimi nikamnong'oneza, "Payslip. Buda atataka kuona kwa macho."

"Ningependa baba amuone kwanza," dada akasema.

Mwenyekiti akafikiri. "Baba ni baba," akasema, na akatusaidia kumpakia mbuzi kwenye pikapu ya makaa iliyokuwa inaelekea Nairobi.

Sijawahi kuingia Kitengela kwa fahari kama jioni ile. Dada mbele na suti yake iliyojaa makaa, mbuzi katikati, mimi nyuma nikipiga mbinja, na watoto wa mtaa mzima wakitufuata. Niliwaambia wote waliouliza: "Mshahara! Mshahara wa dada! Tumetoka kulipwa!"

Baba alimzunguka yule mbuzi mikono ikiwa nyuma, kama anakagua mzigo ghalani.

"Na payslip?"

"Ndiyo hiyo," nikasema. "Saa hii inakula pazia."

Midomo yake ilianza kucheza lakini akaizuia. Akamgeukia dada. "Muhula wa pili haujaanza. Hujafundisha hata dakika moja."

"Ndiyo, baba."

"Wamekupa kabla?"

"Kabla."

Baba akavua koti, jambo ambalo huwa hafanyi kabla ya kula. "Mimi," akasema polepole, "tangu nianze kazi sijawahi kulipwa kabla." Akarudia tena kwa mama aliyekuwa jikoni, kwa sauti ya mtu aliyetembelewa na malaika. "Mama watoto! Wamemlipa kabla!"

Sasa hapa ni lazima nieleze kitu cha kwetu, maana bila hicho utadhani sisi ni walafi. Kwetu mtoto akipata mshahara wa kwanza hautumii. Anauleta kwa wazazi mzima mzima, wao wanaufanyia karamu na kuubariki, ndipo mishahara mingine inayofuata ipate njia. Mshahara wa kwanza ukiutumia mwenyewe, kazi yenyewe inakauka. Baba aliufanyia wake hivyo, na baba yake alilia kwa furaha. Kwa hiyo hakuna aliyejiuliza mara mbili. Jumapili baada ya kanisa mama aliwaita majirani wote, walimu wa mayai na walimu wa kadi, na kwaya ikaja bila kuitwa. Caretaker alileta kisu chake mwenyewe. Yule mbuzi alichomwa, alichemshwa, alikaangwa, na supu yake iligawanywa mpaka kwa watu wa ploti ya pili. Baba alisimama, akaweka mikono yenye mafuta juu ya kichwa cha dada, akaomba maombi marefu, na dada akalia, na mama akalia. Mimi nilikuwa na mfupa mdomoni kwa hiyo sikuweza kulia lakini nilitaka.

Ilikuwa siku tamu kuliko Krismasi. Nilimwona dada akicheka na meno yote, nikagundua nilikuwa nimesahau yako mangapi.

Jumatatu asubuhi mama wa maziwa alikuja na jerikeni yake, akasimama. Alikuwa anatazama ua wa ploti. Ngozi ilikuwa imetandazwa pale, rangi ya chai ya maziwa, sikio moja jeupe.

"Hiyo ngozi," akasema, "ni ya nani?"

"Ya mbuzi wa mwalimu!" mama akajibu kwa furaha. "Ulikuwa wapi jana? Ngoja, nimekuwekea supu."

Mama wa maziwa aliweka jerikeni chini polepole sana. Akakataa supu. Akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, akashika kichwa, kisha akatueleza, akianza na kuishia na neno lile lile: mmemla. Mbuzi wa namna ile si mshahara, mshahara utatoka kwenye pesa za shanga, na mbuzi huyo haliwi. Mtu akikupa mbuzi hai, mmekuwa jamaa. Mnaacha kuitana majina yenu, mnaitana kwa yule mbuzi, na pakine ndiyo maana yake: wewe na mimi kuna mbuzi kati yetu. Anafugwa, anazaa, na miaka ikipita mnaulizana habari za wajukuu wake.

"Sasa nyinyi mtakuwa mnaitana nani?" akauliza. "Supu?"

Sikuwahi kuona dada akibadilika rangi namna ile. Mama akamshika mama wa maziwa mkono. "Tafadhali, usimpigie simu mwenyekiti."

"Mimi? Siwezi kumpigia."

Tukapumua.

"Yeye ndiye hunipigia," akasema. "Kila asubuhi, nikimaliza maziwa."

Ndani ya nyumba kukawa kama kuku wameingiliwa na kicheche. Mimi niliona njia ni moja tu: twende mnadani tutafute mbuzi wa kufanana, na lile sikio tulipake chokaa. Dada akanitazama kama kitu kilichoganda chini ya sufuria.

"Wale watu wanawajua mbuzi wao kwa sura," akasema. "Na nikianza kazi kwa kudanganya, nitaifanyaje? Naenda mwenyewe. Nitamwambia."

"Atakufukuza."

"Basi nitakuwa nimefukuzwa, niende kwa nyanya."

Baba, aliyecheleweshwa kuamka na nyama ya jana, alikuwa amevaa koti tayari kwenda kazini. Ni yeye aliyekuwa amechagua caretaker achinje, ni yeye aliyeomba maombi. Akamwambia mama aombe mtu apige simu ghalani aseme anaumwa na tumbo, jambo ambalo kwa kiasi cha nyama alichokula lilikuwa karibu na ukweli. Kisha akaenda nyuma ya nyumba, tukasikia vurugu na matusi ya kimyakimya, akarudi na yule jogoo wetu mkubwa mwekundu, aliyekuwa anaogopwa na ploti nzima, akiwa amefungwa miguu kwenye kikapu.

Kwetu ukimpelekea mtu jogoo, umempelekea heshima yote uliyo nayo. Hakuna kitu juu ya jogoo. Mimi pia nilienda, maana mtu alihitajika kumshika huyo jogoo, na wengine wote walimwogopa.

Tulifika Oltepesi jua likiwa kali. Mwenyekiti alikuwa nje ya darasa na wenzake, wakishona shanga kwenye kivuli cha mabati. Hawakusimama. Safari hii nikainamisha kichwa kwa haraka, karibu niangushe jogoo. Akaniwekea mkono. Akamtazama dada, akamtazama baba na tai yake, akauliza kwa upole kabisa:

"Mbuzi wetu hajambo?"

Dada akafungua mdomo. Baba akamzuia kwa mkono, akapiga hatua mbele, akafunga kifungo cha koti.

"Mama mwenyekiti," akaanza, "mimi ni baba ya mwalimu. Sisi watu wa kule magharibi mwa Kenya tuko na desturi..."

"Mmemla," akasema mwenyekiti.

Kumbe habari ilikuwa imeshafika hata kabla ya sisi kutoka Kitengela. Baba akabaki na mkono hewani.

"Tumemla," akasema.

"Alikuwa mtamu?"

Baba ni mtu mkweli, ndio shida yake. "Sana," akasema.

Halafu bibi mmoja mwenye masikio marefu aliyekuwa mwisho wa mstari akaanza kutetemeka mabega, na kicheko kikatembea mstari mzima kama moto wa nyasi mpaka kikamfikia mwenyekiti mwenyewe, naye akaweka shanga chini na kufuta macho. Baba alisimama katikati yao akijaribu kujua kama acheke au aombe radhi. Akaeleza ile desturi ya mshahara wa kwanza, na wao wakasikiliza, na yule bibi akasema kitu ambacho tuliambiwa maana yake ni kwamba angalau mbuzi aliombewa, wengine huliwa tu.

Nilidhani tumepona. Lakini mwenyekiti aliacha kucheka kabla ya wengine.

"Sasa nisikilize, baba mwalimu. Sijakasirika. Mbuzi ni mbuzi, niko na wengine. Lakini yule alikuwa kamba. Kabla ya huyu, walimu wawili walikuja hapa wakaambiwa karibu. Walikunywa maziwa, wakaona joto, wakasema wanaenda kuchukua nguo. Mpaka leo wanachukua nguo. Mtu akiwa na mbuzi hapa, ni lazima arudi amuone. Huyu binti yako sasa atarudia nini?"

"Nitarudi," dada akasema. "Nimesema nitarudi."

"Na wao walisema."

Baba akanipa ishara. Nikatoa jogoo. Baba akaeleza heshima yake yote, ukoo wake, uzito wake. Akina mama wakamtazama yule ndege, na yeye akawatazama kwa jicho moja.

"Huyu anafanya nini?" mwenyekiti akauliza.

"Analia asubuhi," baba akasema. "Na kwetu analiwa na wageni wakubwa."

"Sisi hatuli ndege. Lakini watoto wanachelewa kuamka." Akamchukua. "Asante. Tutamweka. Lakini huyu si kamba. Ndege hakuna mtu anarudia ndege."

Hapo dada akafanya kitu ambacho sikukitegemea. Akafungua mkoba, akatoa ile plastiki, akatoa cheti. Kile cheti ambacho usiku wa mvua kilipewa mahali pakavu kabla yetu sisi. Akakishika kwa mikono miwili akampa mwenyekiti.

"Baki nacho. Bila hiki mimi si mwalimu mahali popote. Nikiwa sijarudi, kichome."

Baba akatoa sauti ndogo, kama mtu aliyekanyagwa. Mwenyekiti akakishika cheti kile, akakigeuza, akatazama muhuri, kisha akakirudisha taratibu kwenye plastiki yake.

"Karatasi ni nzuri," akasema. "Lakini karatasi ikikaa hapa mwaka mzima, nani atakosa usingizi? Mimi nataka kitu ambacho kikikosekana Kitengela, kuna mtu atauliza." Akainua kidevu kunielekea. "Yule anayesema sana. Niachieni yule mpaka mwalimu alete godoro lake."

Nilitazama nyuma yangu. Hakukuwa na mtu.

"Huyu?" baba akasema. Naapa alisema hivyo. "Huyu mmoja? Mna uhakika?"

"Anajua kusoma?"

"Anajua. Lakini, mama, huyu darasani—"

"Anajua kuandika? Na hesabu za kujumlisha?"

"Anajua."

"Basi. Wako watoto wamekuja shule mwezi wa kwanza na hawajui kushika kalamu. Shule imefungwa, wanakaa tu. Yeye aanze nao. Mama yake atamwuliza kila siku, na mwalimu itabidi arudi amchukue."

Baba alinitazama kama aliyeambiwa kile kiti kibovu cha nyumbani ni cha mti wa thamani. Dada alinishika bega. Angeweza kuniamuru. Hakuniamuru. Aliuliza, "Utaweza?"

Nilitaka kusema kitu cha kuchekesha. Hakikuja. Nikatingisha kichwa kukubali.

Basi nikabaki. Mimi ambaye Kitengela hakuna mzazi angeniruhusu nimfundishe mtoto wake kupiga chafya, asubuhi iliyofuata nilisimama mbele ya darasa lililojaa mpaka mlangoni. Mbele walikaa wadogo, nyuma vijana warefu kunishinda, fimbo zao zikiegemea ukuta. Nikawasalimu kwa Kimaasai, supa. Wote wakaitikia ipa kwa sauti moja, mabati yakatetemeka. Kisha kijana mmoja wa nyuma akainua mkono, akasema, "Mwalimu."

Nikageuka kutafuta mwalimu.

Huwezi kujua ile raha mpaka uitwe hivyo. Nilifundisha a, e, i, o, u kwa wimbo niliotunga papo hapo, wa yule jogoo, ambaye alikuwa amejitwalia paa la darasa na kuwika wakati wowote alipojisikia. Tuliandika kwenye mchanga kwa sababu kalamu hazikutosha. Siku moja nilimwuliza msichana mdogo, kwa ajili ya kujumlisha, nyumbani kwao kuna mbuzi wangapi. Darasa likanyamaza kama nimetukana. Msichana akanong'ona kwamba mbuzi hawahesabiwi, wanajulikana. Basi tukahesabu mawe, na jioni mawe yote yakawa yamepewa majina. Sauti yangu ikakauka. Mwenyekiti alinipa maziwa kwenye kibuyu kinachonukia moshi, akaniambia mimi ni mwalimu mbaya lakini watoto hawataki kwenda nyumbani. Sijawahi kupata ripoti nzuri kama hiyo.

Mama alipiga simu ya mwenyekiti kila siku, kama ilivyopangwa. Siku za mwanzo nilimwuliza mama ni lini dada anakuja. Baadaye nikasahau kuuliza. Lakini mwenyekiti hakusahau. Kila lori likisimama barabarani nilimwona ameinua macho kutoka kwenye shanga zake, ametazama, halafu ameyarudisha. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba hakuwa na uhakika, na kwamba wale walimu wawili waliokwenda kuchukua nguo walikuwa wamemuumiza kuliko alivyoonyesha.

Asubuhi ya kufungua shule nilikuwa ninawaimbisha wimbo wa jogoo, nikiwa nimepanda juu ya dawati ili wa nyuma wanione, wakati sauti zilipoanza kupungua mstari kwa mstari. Wote walikuwa wanatazama mlangoni. Nikageuka.

Dada alikuwa amesimama hapo na godoro limefungwa kwa kamba kichwani, viatu vya raba miguuni, jasho likimtiririka. Nyuma yake mwenyekiti alikuwa amebeba begi lake, na lile begi alilishika kifuani kama mtoto mchanga. Dada aliteremsha godoro. Alitazama lile darasa: wale wadogo, wale warefu, fimbo ukutani, maandishi yangu ya kombo ubaoni.

"Wewe," akaniambia. "Shuka hapo juu."

"Bado hatujamaliza wimbo."

"Shuka. Hilo ni darasa langu."

Nikashuka, nikampa chaki.